Shtaka Lenye Pengo

Iko nchi moja ambayo haitajwi hapa, si kwa hofu bali kwa heshima, maana wenyewe wana sheria kwamba jina la nchi litajwe mtu akiwa amesimama wima, na si rahisi kusoma kitabu wima. Ni nchi njema. Ina bendera, ina mito miwili, na ina Bunge lenye viti vya kuzunguka. Unga tu ndio huwa hauonekani, lakini serikali ilikwisha kueleza kwamba unga haujaadimika, umepumzika.

Katika nchi hiyo Mtukufu Mlezi wa Taifa alisafiri kwenda Marekani, akapita miji mitano kwa siku kumi, akarudi salama. Siku ya kurudi aliandaliwa chakula cha mchana cha mapokezi. Waziri wa Chakula na Mapokezi, Mheshimiwa Kasongwa, aliona kwamba mtu aliyetoka Marekani hafai kuteremshwa ghafla kwenye vyakula vya nyumbani, afadhali azoeshwe polepole. Kwa hiyo akaagiza, kwa mkono wake mwenyewe, apikiwe kuku wa kuchemsha bila chumvi, na njegere. Mtukufu akatia kijiko mdomoni, akakitoa. Akasukuma sahani. Akatazama dirishani, akasema, "Nikikumbuka nilivyokuwa nakula kule."

Akanyanyuka, akaenda kupumzika.

Kila mtu mezani alitaka kujua kule ni wapi katika ile miji mitano, na hakuna aliyeuliza. Katika nchi hiyo Mtukufu haulizwi swali. Kumuuliza ni kudai kwamba hakusema ya kutosha, na kosa hilo lina kifungu chake. Kabla sahani hazijaondolewa, mpishi wa Ikulu, Mzee Kibwana Shomvi, aliyempikia Mtukufu kwa miaka kumi na tisa, alikuwa amekwisha kuchukuliwa, aproni ingali kiunoni.

Shtaka lilichapwa siku ile ile: "Kupika chini ya kiwango cha mji wa ............, Marekani, na kwa kufanya hivyo kuudhalilisha ulimi wa Taifa." Lakini hakimu alikuwa mtu wa karatasi safi. Alikataa kusoma shtaka lenye pengo, akasema mtu hawezi kuhukumiwa kwa nukta. Ndipo Bunge likaitwa kwa dharura lijadili ni mji gani wa Marekani wenye migahawa mizuri kuliko yote, ili pengo lizibwe na haki itendeke.

Adhabu yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa ni kustaafishwa kula. Watu kadhaa walistaafishwa mwaka uliotangulia, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika.

*

Chini ya kiti cha Spika, kwenye meza ya tatu, alikaa mwandishi wa kumbukumbu aliyeitwa Tunu Mwinyimvua. Alikuwa na miaka ishirini na sita, shahada ya chuo, na sauti ndogo kiasi kwamba wakati wa chai wenzake walimtilia sukari bila kumsikia akisema hataki, naye akainywa hivyo hivyo. Mwinyimvua lilikuwa jina la babu yake mzaa mama, ndiye aliyemwandikisha shule. Baba yake alikuwa Mzee Kibwana.

Bungeni hakuna aliyejua hilo, au ndivyo alivyodhani. Kwa desturi ya nchi ile mtu akishikwa, wanawe hupelekewa fomu ya kijani ya kumkana. Huijaza kwa wino mweusi, huirudisha, maisha huendelea. Tunu alikuwa akiingoja fomu hiyo. Kila mjumbe alipoingia ukumbini na karatasi mkononi, kalamu yake iliandika herufi zilizopinda.

Mahabusu wa nchi ile hula vya kuletewa, na anayeleta haulizwi jina, huambiwa tu aonje kwanza mbele ya askari. Kwa njia hiyo Tunu alimwona baba yake siku ya tano. Alimkuta amepungua, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono magotini kama mtu anayengoja maji yachemke. Mzee alionja mchuzi kabla ya salamu.

"Ndimu umekamua ngapi?"

"Mbili, baba."

"Moja ingetosha." Akatafuna taratibu, akamtazama askari aliyekuwa akichokonoa meno mlangoni, kisha akashusha sauti. "Mwanangu, lile la mkebe lisikutoke. Hata ukiota, ota jingine."

Tunu akaitikia kwa kichwa. Lile la mkebe ndilo lililokuwa likimkosesha pumzi.

Mtukufu hakuwahi kula chochote Marekani. Mtukufu hali chakula cha nchi yoyote ya watu, kwa kuwa anaogopa sumu. Kila safari Mzee Kibwana humfungia mkebe mkubwa wa bati wenye mfuniko wa kukaza: nyama iliyokaushwa na kukaangwa mpaka ikatoa mafuta yake yote, chupa ya achari ya ndimu, na unga wa muhogo. Mtukufu hufunga mlango wa chumba cha hoteli, huchemsha maji kwenye birika la umeme, husonga ugali kwenye ndoo ya barafu, hula peke yake akiwa amevaa fulana. Karamu zote alizoalikwa kule alikaa, akatabasamu, akakatakata nyama na kuificha chini ya majani ya saladi. Tunu alijua kwa kuwa tangu utoto ndiye aliyekuwa akikatakata zile ndimu.

Basi chakula alichokikumbuka Mtukufu kwa masikitiko, mbele ya kuku wa Waziri, kilikuwa cha Mzee Kibwana mwenyewe. Neno moja lingemfungua. Lakini kusema kwamba Mlezi wa Taifa anaogopa sahani ni uhaini, na kwa uhaini mtu hastaafishwi kula peke yake. Hustaafishwa pamoja na ukoo.

*

Mjadala ulianza kwa adabu. Hakuna mbunge aliyekuwa amefika Marekani, na hakuna aliyekuwa tayari kuutaja mji kabla ya mwenzake, maana mji usio wenyewe ni sawa na kumpinga Mtukufu. Wa kwanza kusimama alikuwa Mheshimiwa Bi. Zamda Mkorea.

"Mheshimiwa Spika, kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia afya ya kusimama mbele ya Bunge lako tukufu. Pili, namshukuru Mtukufu kwa kusafiri. Tatu, nawapongeza Wamarekani kwa kuwa na miji. Baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja mia kwa mia."

Akaketi, akajipepea. Wabunge thelathini na mmoja waliomfuata walisema hayo hayo, na siku mbili zikapita, pengo bado liko wazi. Siku ya tatu Spika Ngwandu, mtu mnene mwenye sauti ya redio, akaamuru kura za vikaratasi: kila mkoa uokote mji na kuutetea. Mikoa ya magharibi ikapata Chicago. Ya ziwani ikapata New Orleans. New York ikaangukia milimani, San Francisco ikaenda kwa wafugaji, na Houston ikachukuliwa na mkoa wa Waziri Kasongwa mwenyewe.

Hapo mjadala ukachangamka. Mtetezi wa San Francisco alileta kalenda ya kinyozi wake yenye picha ya daraja jekundu, akauliza kama watu waliojenga kitu kama kile wanaweza kushindwa na wali. Wa New York akasema majengo yao ni marefu, na jengo refu maana yake watu wa juu wanapata njaa wakishuka, kwa hiyo lazima chini pawe na chakula. Wa New Orleans alikuwa na mpwa aliyewahi kuandikiana barua na mtu wa huko. Barua ikasomwa, ikaonekana inahusu viatu. Mtetezi wa Chicago alitokwa na machozi kabla hajafungua mdomo. Asubuhi ile zilikuwa zimevuma habari kwamba Mtukufu alipata mafua Chicago, na mtu ambaye amekwisha kuokota kikaratasi harudishi.

Yote hayo yalijadiliwa kwa tumbo tupu. Kantini ya Bunge ilikuwa na chai ya rangi na kiazi kimoja kwa kila waheshimiwa wawili. Wakati migahawa ya Marekani ikitajwa, ukumbi mzima ulisikika ukimeza mate, na Tunu, ambaye kazi yake ni kuandika kila sauti ya Bunge, aliandika: *(Makofi)*.

Siku ya tisa Waziri Kasongwa aliomba ruhusa ya kuleta ushahidi wa kisayansi. Mlango ukafunguliwa, yakaingizwa marobota matano ya mitumba. Hoja yake ilikuwa nyepesi, na ndiyo maana ilitisha. Nguo zote za nchi ile hutoka Marekani zikiwa zimekwisha kuvaliwa. Mtu anayekula vizuri hunenepa, na suruali haisemi uongo. Kwa hiyo zitolewe suruali za kila mji, zipimwe kiuno.

Fundi cherehani wa Ikulu akapanda meza akiwa na futi shingoni. Suruali zilizosemekana kuwa za San Francisco zilimtosha mhudumu mmoja. Za New York vile vile, na mkanda. Za Chicago na New Orleans ziliwafaa mhudumu na kaka yake. Ilipofika zamu ya Houston, fundi akaita wabunge wawili, wakaingia kila mmoja mguu wake katika suruali moja, wakafunga zipu, wakatembea hadi mbele ya siwa, rungu la Bunge, na kuinamisha vichwa. Hakuna aliyeuliza nani alijua robota lipi limetoka mji gani. Bunge lilisimama, likapiga meza.

Spika akatangaza kwamba kura itapigwa Alhamisi. Shtaka lingesomwa Ijumaa. Tunu akaandika neno Ijumaa, akahesabu siku zilizobaki kwa vidole.

*

Bunge lile lilikuwa na desturi moja ambayo inafaa ielezwe. Kila kikao huanza kwa kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Kumbukumbu hugawiwa, na hakuna anayezisoma, kwa kuwa kusoma ni dalili ya wasiwasi, na mbunge mwenye wasiwasi huwafanya watu wajiulize ana nini. Spika huuliza wanaoafiki, wote huafiki, na tangu hapo kilichothibitishwa ndicho kilichosemwa. Miaka ya nyuma mbunge mmoja alisoma kwa bahati mbaya akakuta kwamba alipinga bajeti ya maji. Hakukumbuka kupinga. Lakini ilikuwa imethibitishwa, basi akaomba radhi, akatumikia miaka miwili, na tangu atoke hanywi maji hadharani.

Jumanne, wenzake walipokwenda kwenye kiazi, Tunu alibaki na mashine yake. Alifika ukurasa wa arobaini na moja, mwisho wa hotuba ya suruali, akasimama. Alijua anachotaka kuandika. Hakujua akiweke katika kinywa cha nani.

Kwanza alimfikiria Mheshimiwa Luhende, mzee wa safu ya nyuma, ambaye alikuwa amelala tangu kikao kifunguliwe na angeamini lolote atakaloambiwa kuwa alisema. Lakini alikumbuka jinsi mzee huyo anavyolala, mdomo wazi, miwani imeteleza, mkono umeshika kitambaa alichoshonewa na mjukuu, akamwonea huruma. Akamfikiria Bi. Zamda, ana pumu. Akamfikiria yule wa Chicago, akataka kulia naye. Hakuna aliyefaa kutiwa hatarini. Akapitia safu zote hivyo hivyo, akimwonea huruma mmoja baada ya mwingine, mpaka akamfikia aliyeagiza kuku wa kuchemsha bila chumvi.

Waziri Kasongwa naye alikuwa na watoto. Tunu aliwafikiria nao. Kisha akaandika:

*MHE. KASONGWA: Mheshimiwa Spika, naomba kuongeza jambo dogo. Mtu hawezi kupungukiwa na kiwango ambacho hajakionja. Ili utetezi usije ukapata mwanya, napendekeza mtuhumiwa apelekwe kwanza katika miji yote mitano, ale katika migahawa yake mmoja baada ya mwingine, kisha arudi asomewe shtaka akiwa ameshiba ushahidi. (Makofi)*

Akaifuta ile *(Makofi)*. Akairudisha. Akaenda kunywa chai ya rangi, ikiwa na sukari.

*

Jumatano asubuhi kumbukumbu ziligawiwa. Wabunge walizilalia kwa viwiko kama kawaida. Spika Ngwandu akainua mkono ili aulize wanaoafiki, na mkono ukabaki hewani. Alikuwa anasoma.

Tunu hakuwahi kumwona akisoma. Aliona jicho likishuka mstari kwa mstari, likafika chini, likarudi juu. Spika akavua miwani. Akazima kipaza sauti chake, akamwashiria kwa kidole kimoja apande.

Ngazi zilikuwa nne. Alizipanda kwa kuzihesabu.

"Binti Kibwana," Spika alisema polepole, bila kumtazama. "Ukurasa wa arobaini na moja."

Kwa hiyo alijua. Tunu akatafuta sauti, akaipata ndogo kuliko siku zote.

"Nimeandika yaliyosemwa, Mheshimiwa."

"Nilikuwepo."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mwaka wa saba huu nasoma kila ukurasa. Nasomea nyumbani, nimefunga mlango wa bafu, maji yanatiririka. Hata mke wangu anadhani nina tumbo." Shavu lake moja lilikuwa likichezacheza, na kwa karibu uso ule mkubwa ulionekana umelowa. "Unadhani wewe ndiye unayeogopa kuliko wote humu?"

Chini yao Bunge zima lilingoja, kila mtu akiogopa kwa niaba yake mwenyewe.

"Kuna kitu umekisahau," Spika akasema. "Waziri alipomaliza, mimi nilisema mtuhumiwa wa uzito huu hawezi kusindikizwa na mtu aliye chini ya Spika. Uliandika?"

"Sikuandika, Mheshimiwa."

"Andika. Na nilisema nitakwenda na mke wangu. Na yule mtoto wetu wa mwisho, ana kikohozi."

Akampa kalamu yake mwenyewe. Tunu aliandika kwenye ukingo wa ukurasa, amesimama, na mwandiko wake ukatoka mzuri kwa mara ya kwanza tangu baba yake achukuliwe. Spika akawasha kipaza sauti, akasoma pendekezo la Waziri na nyongeza yake kwa ile sauti ya redio, akauliza wanaoafiki waseme ndiyo.

Wakasema ndiyo. Waziri Kasongwa alikuwa amefungua mdomo, lakini pande zote watu walikuwa wamemgeukia, wanampigia meza, wanamsifu kwa kuona mbali. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Mdomo ukajifunga wenyewe. Akainuka, akafunga vifungo vya koti.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "naunga mkono hoja yangu."

*

Mzee Kibwana aliondoka Jumamosi, akiwa katikati ya Spika, mke wa Spika, mtoto mwenye kikohozi na masanduku kumi na moja. Mikono yake haikufungwa, kwa kuwa mtuhumiwa alitakiwa auzoee uma. Tunu alisimama uwanja wa ndege miongoni mwa waandishi, na daftari lake, kama mtu aliyetumwa. Baba yake alipopita hakusimama wala hakumtazama. Alisema tu, kama anayeikumbusha hewa, kwamba mwenye kukausha nyama asiigeuze kabla haijalia.

Ripoti zilianza kuja baada ya wiki tatu. Spika aliliarifu Bunge kwamba Houston si mji wa kuamuliwa kwa haraka. Mwezi uliofuata aliomba muda zaidi; migahawa ni mingi, na mtuhumiwa anakula taratibu. Katika ripoti ya tatu hakuomba kitu, alituma salamu. Bunge likaunda kamati ya kwenda kumfuatilia. Kamati ikasindikizwa kwa ngoma, na nayo inaendelea kufuatilia mpaka leo. Siku hizi wabunge hugombea kamati kwa machozi, na viti vingi vya kuzunguka vinazunguka vyenyewe kwa upepo wa feni. Pengo katika shtaka halijazibwa. Fomu ya kijani haikuletwa.

Lililetwa gari. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, na mtu wa Ikulu aliingia bungeni akaenda moja kwa moja meza ya tatu.

"Mtukufu anasafiri Jumapili," alisema. "Ameuliza nani anajua kufunga mkebe."

Lilikuwa swali la kwanza kusikika kutoka Ikulu tangu nchi ipate uhuru, na jibu lake, inavyoonekana, walikuwa nalo siku zote.

Jikoni kwa baba yake, huko Ikulu, kila kitu kilikuwa mahali pake. Tunu alikausha nyama, hakuigeuza mpaka ilipolia. Alikata ndimu. Alichekecha unga wa muhogo mara mbili. Askari mlangoni alimwamuru aonje kila kitu, naye akaonja. Akaamriwa tena, akaonja tena. Alipokuwa akikaza mfuniko alisikia ndara zikiburuta sakafuni, akageuka, na askari hakuwepo. Mlangoni alisimama mzee mfupi aliyevaa fulana. Ilimchukua Tunu muda kumtambua, kwa kuwa kwenye noti na kuta zote alikuwa mrefu.

Mtukufu alitazama mkebe. Akatazama mikono ya Tunu, kana kwamba anaitafuta sumu katika kucha.

"Baba yako," alisema. "Anakula nini huko?"

Tunu aliogopa kudanganya, na aliogopa kusema kweli, na kati ya hofu hizo mbili akatoka na kile kilichokuwa karibu.

"Sijui anachokula, Mtukufu. Ila najua hawezi kupata kama cha nyumbani."

Mzee yule aliinamisha kichwa.

"Hakuna," akasema. "Miji yote ile. Hakuna."

Basi alikuwa anajua kwamba mpishi wake hana kosa. Siku ile ya njegere alijua, na jioni yake, na siku zote za suruali na vikaratasi alijua. Alichotakiwa kusema kilikuwa neno moja, na aliogopa kuulizwa la pili. Tunu alimtazama, na kwa kuwa moyo wake ulikuwa umeumbwa vibaya kwa nchi ile, akamwonea huruma hata yeye. Kisha Mtukufu akainua macho, nayo yakawa yale ya kwenye kuta.

"Wewe ndiye unayeandika kule bungeni?"

"Ndiyo, Mtukufu."

"Hili usiandike." Akasogeza mkebe kwake kwa kidole. "Fungua. Onja tena."

Tunu akafungua, akaonja. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

Hayo hayamo katika kumbukumbu, kwa hiyo hayakusemwa. Nawe uliyeyasoma, funga kitabu polepole, upanguse mdomo. Na ukikutana na mtu akuulize mji gani, mwambie ulikuwa umelala.